Mbele ya kuformate, tuulize kwanza: ni chuma ao ni mipangilio?

Wandugu watumikaji, mama zetu wa kambi, na ninyi vijana wenye munasomea wazazi hii gazeti mangaribi, leo sitasema juu ya mushahara. Nitasema juu ya ordinatere ya sendika. Wengine watacheka: «Delege ameacha mambo ya shimo, sasa anaingia mambo ya bana ba iniversite.» Wacheke tu. Ndani ya ile mashini ndimo mumelala dosie ya mwenzako mwenye alivunjika mugongo, hesabu ya saa zako za ziada, na liste ya wale wenye walilipa kotizasio. Siku yenye inakataa kuwaka, si mashini tu njo inapotea.

Neno lenye nataka tuliondoshe katika vinywa vyetu ni «kuformate». Kule Likasi, kule Kolwezi, hapa Lubumbashi, unapeleka mashini kwa fundi, na mbele hata aifungue, anasema: «Hii ni ya kuformate.» Ekra nyeusi? Kuformate. Wi-Fi haionekane? Kuformate. Inaenda polepole kama lori ya zamani? Kuformate. Tuelewane muzuri: kuformate ni kufuta diske yote na kuweka kila kitu upya. Kuko siku yenye inafaa. Lakini mara nyingi ni sawa na mutu mwenye anafunga shimo mzima juu pompe moja imesimama.

Najua section moja, sitasema ni ya wapi. Umeme ulikuwa unakatika-katika, na siku ya tatu mashini yao ikakataa kuwaka. Walipeleka kwa fundi. Kisha saa moja ikarudi, inawaka muzuri, safi kabisa, haina kitu ndani. Dosie za ajali za miaka 4, pamoja na barua za munganga na foto, zote zilikwenda. Kisha mujane mumoja akakuja kuomba karatasi za marehemu bwana yake, wakamutazama tu. Zingine zilibakia kwa kampuni, na munajua vile inakuwaka kuomba kampuni ikupe karatasi yenye utaitumikisha kuishitaki. Yule fundi hakuiba, hakudanganya mutu. Walimuomba mashini iwake, akaiwasha. Hakuna mutu alimuuliza: ugonjwa ni nini?

Na sisi watu wa shimo tunajua kuuliza hilo swali kupita wengi. Pompe ya maji ikisimama, elektrisie haagizi pompe mupya. Anaangalia kama moto unafika ku kofre, anaangalia fizibule, anafuata kable, mwisho njo anafikia motere. Na mbele ya kugusa anakata moto na kutia kadenasi yake, ufunguo ndani ya mufuko wake mwenyewe. Juu ya nini ile akili tunaiacha ku mulango wa biro?

Sasa nasema juu ya Linux, juu ndiyo yenye iko ndani ya mashini nyingi za sections zetu leo. Sababu inajulikana. Tangu tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka wa 2025, Microsoft imeacha musaada wa kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inakataa mashini nyingi za zamani, hata zenye bado ni nguvu. Basi vijana wetu wakaanza kuweka Linux Mint, Debian, ao Ubuntu. Linux ilianzishwa mwaka wa 1991 na mwanafunzi mumoja wa Helsinki, Linus Torvalds. Leo inatengenezwa na maelfu ya watu wa kila inchi, na hakuna mutu anakuomba licence. Ile jina Ubuntu lilichaguliwa na mutu wa Afrika ya Kusini, Mark Shuttleworth, na toleo la kwanza lilitoka mwaka wa 2004. Kwetu Waluba tunasema bumuntu, ni neno lile lile, hakuna mutu anapashwa kututafsiria.

Watu wanasifu Linux juu ni ya bure. Wengine wanasema haina virusi, na hiyo ni kupitisha kipimo. Mimi naisifu juu inasema. Kila kitu chenye kinapita ndani yake inakiandika, sawa vile shefu wa poste anaandika ndani ya kaye: saa fulani pompe ya pili ilisimama, saa fulani ikaanza tena. Unafungua terminali, unaandika journalctl -b, na unasoma yote yenye ilipita tangu mashini iliwaka. Ukiandika journalctl -b -1, unasoma mara ya mbele yake, ile yenye ilizimika yenyewe. Mashini inakuwekea ushuhuda, na fundi wa kuformate anaufuta mbele ya kuusoma. Mutu akifanya vile kisha ajali ku shimo, tungesema nini juu yake?

Ugonjwa wa ordinatere uko wa namna mbili. Ao chuma chenyewe kimekufa: diske, kumbukumbu, ventilatere, batri. Ao chuma ni kizima lakini mipangilio ni mibaya: mashini imeambiwa kitu chenye si kweli, na inatii vile vile. Ya kwanza inaomba feza. Ya pili inaomba kichwa tu. Na kwa macho zinafanana kabisa, njo maana watu wanapotea.

Iko njia moja ya kuzitenganisha, na kila delege anapashwa kuijua. Linux inaweza kuwaka toka ku kle ya USB, bila kugusa diske hata kidogo. Unaingiza kle, unawasha mashini, unafinya F12 ao F9 ao Esc kufuatana na marque, unachagua kle. Kama ugonjwa unabakia wakati mashini inatembea juu ya kle, shaka iende kwanza upande wa chuma. Kama unapotea, chuma cha mashini ni kizima, kosa liko ndani ya vitu vyenye vimeandikwa ku diske, ao diske yenyewe inachoka. Kwa dakika kumi umejua upande wa kutafuta. Na faida ya pili: ukiwa juu ya kle unaweza kufungua diske ya ndani na kukopia dosie zote ku diske ya inje, hata kama mashini ilikuwa inakataa kuwaka. Ile mujane wa section fulani angepata karatasi zake.

Nitatoa mufano moja kwa urefu, juu unafundisha kupita yote. Laptop ya biro moja iliwaka asubui, ikasimama juu ya ekra nyeusi yenye maandishi meupe. Mustari mumoja ulikuwa unahesabu segonde mpaka dakika moja na segonde 30, kisha mashini ikaandika kwa Kiingereza kwamba iko katika «emergency mode», maana yake hali ya hatari. Fundi wa kwanza alisema: «Diske imekufa, mununue ingine.» Wa pili alisema munajua nini.

Lakini mutu mwenye anasoma angeuliza: inangojea nini zile segonde 90? Ile mustari ilikuwa inalisema: inangojea diske yenye numero fulani ndefu. Na ile numero haikuwa ya diske ya ndani. Ilikuwa ya diske ya inje, ile ya kopi, yenye mutunza-feza alikuwa amebeba nyumbani. Mutu mumoja alikuwa ameiandika ndani ya fishie yenye inaitwa /etc/fstab, kusudi iwe inafunguka yenyewe kila asubui. Alikuwa na nia nzuri. Lakini ndani ya fstab, diske yenye imeandikwa bila neno nofail, Linux inaikamata kuwa ya lazima, sawa vile mufungo wa usalama: haupo, kazi haianzi. Dawa ilikuwa kuwasha toka ku kle, kufungua ile fishie, na kuongeza neno moja, nofail, ku ule mustari. Herufi sita. Hakuna diske ya kununua, hakuna kitu cha kufuta.

Hapo njo munaona: ugonjwa ulionekana wa chuma kabisa, na ulikuwa wa mipangilio.

Kinyume chake pia kinakuwaka. Mashini inawaka lakini kufungua fishie moja inakamata dakika tano, na watu wanasema «Linux ni nzito». Andika sudo dmesg. Ukiona mistari yenye «I/O error» inarudilia-rudilia na jina la diske, usilaumu Linux, diske iko inaomboleza. Weka programu yenye inaitwa smartmontools, uandike sudo smartctl -a /dev/sda, na utafute mistari miwili: Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Kama hesabu ya nyuma haiko sifuri, na kesho imepanda, ile diske iko safarini. Acha kazi yote, kopia dosie kwanza. Iko programu ddrescue yenye inakopia diske mugonjwa kidogo-kidogo, inaruka mahali pabaya na kurudilia nyuma. Na watu wengine, wakiona diske mugonjwa, wanakimbilia fsck kusudi «itengeneze». Fsck ni nzuri kisha umeme kukatika, wakati diske yenyewe ni nzima; mashini ikisimama ku neno (initramfs), mara nyingi ni yenyewe njo inaomba. Lakini juu ya diske yenye inakufa, mbele ya kukopia, fsck inaweza kumalizia mugonjwa.

Tupite sasa ku saa, juu hapa iko mambo ya mushahara, hata kama nilisema sitaigusa.

Katika Kongo yetu tuko na saa mbili. Kinshasa iko lisaa 1 mbele ya saa ya dunia, sisi wa Katanga tuko masaa 2. Ukiweka Linux inakuuliza uko muji gani, na wengi wanafinya Kinshasa, juu ni mukini mukubwa. Kosa. Iko Africa/Lubumbashi ndani ya liste, ichague hiyo. Lisaa moja inaonekana kitu kidogo, lakini ndani ya hesabu ya poste ya usiku, wakati fishie yako inasema mwenzako alitoka saa fulani na pointaji ya kampuni inasema ingine, wewe njo utaitwa mwongo.

Iko na ingine ya ajabu zaidi. Mashini yenye Windows na Linux pamoja: unatoka ku Windows, unaingia Linux, saa imepanda masaa 2. Unarudi Windows, imeshuka masaa 2. Watu wanasema batri ya ndani imekufa. Haikufa. Windows inaandika ndani ya kadi-mama saa ya hapa. Linux inaisoma kama ni saa ya dunia, na kuongeza yale masaa 2 yetu. Kila moja inafanya kazi yake vile ilifundishwa, lakini haziambizane. Pahali penye intaneti iko, saa inajirekebisha, hakuna mutu anaona. Ku biro ya site, pahali penye hakuna rezo, inabakia vile. Timedatectl set-local-rtc 1, na Linux inakubali desturi ya Windows. Wenye kujua sana hawaipendi hiyo dawa, na wako na sababu zao, lakini kwa biro ya sendika inatosha.

Sasa kama kila mara mukichomoa sharjere na kuacha mashini siku nyingi tarehe inarudi nyuma, hapo ndiyo, ni chuma: ile batri ndogo ya kiviringo, kwa mashini nyingi inaitwa CR2032, sawa na ya mizani ndogo. Utaijua tena kwa alama hii: intaneti iko, lakini kila site ya siri, hata ya banki, inakataa na kusema cheti si cha wakati huu. Mutu anakimbia kulaumu rezo ya simu, kumbe mashini inazani tuko mwaka ingine.

Kwa Wi-Fi nitasema haraka. Swali la kwanza: rfkill list. Ikijibu «Hard blocked: yes», iko kitufe pembeni ya mashini ao ku klavye chenye mutoto alifinya, ikijibu «Soft blocked», ni amri ya ndani, rfkill unblock all inamaliza. Kama haiko hivyo, andika lspci -nnk na utafute kadi ya rezo. Chini yake inapaswa kuwa na mustari «Kernel driver in use». Kama ule mustari haupo, kadi ni nzima lakini hakuna dereva mwenye anaiendesha. Kadi za Broadcom za laptop za zamani zinajulikana kwa hiyo tabia, juu zinaomba programu ndogo yenye zamani haikuwekwa ndani ya Debian kwa sababu ya licence. Tangu Debian 12, ya mwezi wa 6 mwaka wa 2023, programu nyingi za namna hiyo zinakuja ndani ya kle ya kuanzia, lakini si zote. Kwa hiyo kwa Wi-Fi jaribio la kle linaweza kudanganya: ikikosekana hata juu ya kle, usiseme mara moja kadi imekufa. Unga simu kwa kable ya USB, simu igawe intaneti, na dereva atashuka.

Klavye, mutanisamehe kucheka. Mama mumoja sekretere alikatazwa kuingia kwa mashini yake siku mbili. Neno la siri lilikuwa sawa, vidole vilikuwa sawa. Lakini mutu alikuwa ameweka upya Linux na kuacha klavye ya Marekani, na yeye anaandika ku klavye ya Kifaransa: akifinya A inatoka Q. Na neno la siri linaonyesha tu vidonda vyeusi, hauone kosa. Dawa: ku ekra ya kuingia, pembeni, angalia kama imeandikwa «us» ao «fr». Na kwa zile mashini za okazio zenye zinatoka Ubelgiji, ni «be», si «fr». Herufi ni zile zile lakini alama zinahama. @ ya Mufaransa iko ku kitufe cha 0, ya Mubelgiji iko ku kitufe cha 2. Kama imeile zenu haziendi tangu munanunua mashini, muangalie hapo mbele ya kumutukana mutu.

Joto. Hapa mimi nasema wazi: sisi tunaua mashini na vumbi. Toka mwezi wa 5 mpaka wa 9, ile vumbi nyekundu ya barabara ya kampuni inaingia kila pahali, hata ndani ya foufou. Ventilatere inajaa, mashini inalia kama konkasere, kisha inazimika katikati ya barua. Weka lm-sensors, andika sensors, na utaona degre. Ikiwa inakaribia 100 wakati haufanyi kitu, usitafute mbali. Na journalctl -b -1 itakusaidia kutenganisha: mara nyingi, kama joto njo ilizimisha, mwishoni utasoma kwamba temperature ilifika ku kipimo cha hatari, kama ni umeme ao batri, maandishi yanakatika tu, bila kuaga. Kusafisha: zima, chomoa sharjere, tosha batri, hiyo njo kadenasi yetu. Kisha puliza, lakini shika ventilatere na kijiti cha kiberiti, isizunguke kama mwenda wazimu. Na usipulize na kompresere ya garaji. Ile pressio ni ya lori.

Ku batri nasimama kidogo, juu ni yetu. Batri ya laptop ni ya lithium, na nyingi ziko na cobalt ndani. Zaidi ya nusu ya cobalt yenye dunia inachimba inatoka katika udongo wetu, Kolwezi na jirani zake. Shaba ya nyaya na ya ile bomba ndogo yenye inabeba joto, inaweza kuwa ya hapa pia. Tunatosha mawe, yanavuka mupaka wa Kasumbalesa, yanazunguka dunia, yanarudi ndani ya kifurushi cheusi, na tunakilipa dolare. Kisha mutu anatuambia tuitupe kisha miaka mitatu. Mimi nakataa kutupa chenye sijapima. Andika upower -d: energy-full-design ni kipimo cha siku ilizaliwa, energy-full ni kipimo cha leo. Kama ya leo imeshuka chini ya nusu, utajua juu ya nini delestaji inakukuta katikati ya kazi. Lakini ile mashini bado inatumika muzuri na sharjere. Kitu kimoja tu hakina mazungumuzo: batri yenye imevimba, yenye inainua klavye, itoshwe leo leo, isitobolewe, isipewe watoto wachezee. Ile inashika moto.

Sasa najua majibu yenye wandugu watanipa. «Delege, sisi hatukusomea hiyo.» Kweli. Na elektrisie wa shimo hakuzaliwa na multimetre. Amri zenye nimeandika hapa hazipiti kumi na tano, karibu zote zinasoma tu, haziharibu kitu. Mutu mwenye alijifunza ishara za sirene za dinamiti anaweza kuzijifunza. Wengine watasema: «Fishie za Excel za kampuni hazifunguki muzuri.» Hapo wako na haki kiasi. LibreOffice inafungua karibu zote, lakini zile zenye makro ndani, zenye watu wa personele wanapenda, zinaweza kukataa. Kwa ile moja ao mbili, tuache Windows kwa mashini moja ya biro. Sitapigana na mutu juu ya dini ya ordinatere.

Lenye nitapigania ni hili: tunasema kampuni inaficha karatasi, tunapaza sauti, tunaandika kwa inspekta wa kazi, na wakati ule ule tunampa ushuhuda wetu wote kijana wa kibanda, bila kopi, na kumuambia «fanya vile unaona». Kampuni haihitaji kutuficha kitu. Sisi wenyewe tunajifutia.

Basi naomba sections zipige kura juu ya mambo machache. Diske moja ya inje ya kopi, inunuliwe na kotizasio, na ibaki kwa mutu mwenye haikaye na laptop, kusudi mwizi mumoja asibebe vyote viwili. Kopi kila mwisho wa quinzaine, siku ya kulipa, juu ile siku hakuna mutu anasahau. Watu wawili kwa kila section wajifunze jaribio la kle, na mumoja wao awe mwanamuke, juu mashini nyingi ziko mbele ya wamama sekretere na wao njo wanaona ugonjwa wa kwanza. Na kaye moja ya karatasi, ndiyo ya karatasi, yenye inaandika: tarehe fulani mashini ilifanya hivi, tuliandika hivi, ikajibu hivi.

Na fundi? Tuendelee kumulipa, kazi ya kubadilisha diske ao kuchomelea tundu la sharjere iko yake, anaijua kutupita. Lakini mbele ya kumupa mashini, tumuulize: umeona nini yenye inakuonyesha kwamba ni hiyo? Mwenye anajibu na mustari wa journal, ao na hesabu ya smartctl, apewe kazi. Mwenye anajibu «minajua tu», tubebe mashini yetu.

Kwa mukutano wa delege wenye unakuja nitaleta kle mbili, moja ya Mint na moja ya Debian. Kila section yenye iko na laptop yenye imelala juu ya kabati tangu mwaka jana, iibebe, hata kama walisema imekufa. Na mubebe sharjere yake, tafazali. Mara ya mwisho watatu walikuja bila sharjere, na jioni yote tulitazamana tu.